Levina na Msafara wa Mifuko ya Saruji

Mwalimu Levina Kashindye akianza somo la historia, mimi huacha mlango wangu wazi. Nafundisha hisabati chumba cha pili kutoka kwake, hapa Ntalikwa karibu na Tabora, na sioni aibu kusema kwamba ananiibia wanafunzi: macho yao yako ubaoni kwangu, akili iko kwake.

Alizaliwa Tura, jirani na stesheni, na karibu fimbo zote za utotoni alichapwa kwa kosa moja la kuchora. Alichora kwenye madaftari, kwenye kuta za jiko, hata kwenye mabehewa mabovu ya mizigo. Mama yake aliamini mkono ule utamharibia maisha. Mimi nasema ndio ulioyajenga.

Maana historia tulikuwa tunaifundisha vipi? Unaandika ubaoni majina ya Wazungu waliopita hapa wakitafuta chanzo cha mto Naili, watoto wananakili, Ijumaa unawapa jaribio, Jumatatu wamesahau. Na hawa ni watoto ambao tembe walilofikia Wazungu wenyewe liko Kwihara, mwendo wa baiskeli tu! Levina alivumilia muhula mmoja, akachoka. Akaomba kwa mafundi mifuko mitupu ya saruji, akaipasua, akachora upande wa ndani ulio safi, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka katuni zikazunguka kuta zote za darasa la sita.

Shujaa wake si Mzungu. Ni Mhoja, mpagazi wa Kinyamwezi, mzigo begani kama walivyobeba wanaume wa huku, na mdomo usio na breki. Nyuma yake anatembea Bwana Darubini, Mzungu mwenye kofia kama sufuria. Wakifika ziwani Bwana Darubini anapaza sauti, "Nimeligundua!" Mvuvi anamgeukia Mhoja na kumuuliza, "Kwani lilikuwa limepotea?" Watoto walicheka hapo mpaka kengele ikalia. Lakini waulize habari za msafara: watakutajia vituo toka Bagamoyo hadi Ujiji, nani alibeba nini, nani aliugua, nani alitoroka na kwa nini. Mengine nimejifunza mimi mtu mzima, nimesimama dirishani kwao.

Basi mzazi mmoja akalalamika kwamba mwanawe anapelekwa shule kusoma katuni. Maneno yakapanda ofisini, tukaambiwa mthibiti ubora, mkaguzi wa shule, atakuja kuangalia. Mkuu wetu, Mwalimu Adriano, ni mtu mwema ila akiona gari la serikali huanza kutii kabla hajaamriwa. Alimwambia Levina waziwazi: "Akikataa, tunazibandua zote, unarudi ubaoni."

Levina alinijia amevimba kwa hasira. "Batuli, wakinirudisha kwenye kunakili majina, historia naiacha. Wampe mtu mwingine. Mimi sitaweza tena."

Kisha tukasikia mgeni ni nani: Bwana Chilongola, Mgogo wa Bahi. Adriano akashika kichwa. Ukurasa mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Ugogo. Msafara umekauka kwa kiu, na mtemi wa Kigogo amekaa kando ya kisima akidai ushuru wa kupita, hongo ya enzi hizo, si mlungula wa leo. Anadai vitambaa, anadai shanga, anadai hadi mwavuli wa Bwana Darubini. Na masikio ya mtemi Levina aliyatoga, kama desturi ya Wagogo wa kale, akayavuta mpaka mabegani!

"Mwalimu, toa ukurasa huo mmoja tu," Adriano akamsihi.

"Nikiutoa, msafara utafikaje Tabora? Utaruka?"

Hakuutoa. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, na wazee husema utani wenyewe ulizaliwa kwenye njia hiyo hiyo ya misafara. Mtani hujitwalia kitu chako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini mtani aliyekuja na gari la serikali, je?

Siku ilipofika Bwana Chilongola alikaa dawati la nyuma somo zima, hata kutabasamu hakutabasamu. Darasa langu nilikuwa nimelirundikia hesabu za kutosha, nikaenda dirishani. Levina akauliza kwa nini mtemi alitoza ushuru. Recheli, binti mpole kabisa, akasimama.

"Ugogo mvua ni haba, mwalimu. Visima walichimba wao, na msafara mmoja tu ulikuwa na watu mamia."

Mthibiti akainuka. Akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa ule, akaubandua, akaukunja, akautia kwapani. Adriano alitazama viatu vyake.

"Nani kachora masikio haya?"

"Ni mimi, mzee."

"Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi, wa Tura."

"Ndiyo maana! Mlikunywa maji yetu mkashiba, leo mnatuchora masikio? Ukurasa huu nimeutwaa." Akaelekea mlangoni.

Nikamwona Levina akibadilika. Mabega yaliyolegea wiki nzima yakanyooka. Akampita mbio, akasimama mlangoni, akailaza fimbo ya kuonyeshea ramani kutoka upande huu wa mlango hadi ule.

"Mtani, Ugogo umekwisha kule nyuma. Hapa ni Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi, tunatoza sisi. Hupiti."

Mungu wangu! Nikasema basi, kazi imekwenda. Bwana Chilongola akaitazama fimbo, akamtazama mwenye fimbo, kisha kicheko kikamtoka hadi akaegemea ubao.

"Haya, Wanyamwezi, mnataka nini?"

Hakumuuliza Levina peke yake, hivyo darasa zima lilijibu: "Tuachie katuni zetu!"

"Zote?"

"Zoteee!"

Akamgeukia Adriano. "Mwalimu Mkuu, umesikia ushuru niliotozwa. Katuni zinabaki. Na walimu wa historia wa kata nyingine nitawaita mimi mwenyewe waje wajionee."

Levina akainua fimbo, naye akapita na ukurasa wake kwapani, maana mtani akishatwaa harudishi. Nilipiga kigelegele hadi wanafunzi wangu wakatupa hesabu wakaja mbio. Levina alikaa mezani kwake akalia mbele ya watoto wote, kwa furaha, bila kujificha. Kisha akajifuta uso na kuwauliza msafara umefika wapi. Wakamjibu kwa sauti moja kwamba umeshavuka Ugogo.