Raba ya Akala

Alhamisi, mwezi wa pili. Upepo uliamka mapema na mchanga wa mto, na kufikia saa nne boneti haishikiki kwa mkono mtupu.

Mjane mmoja kutoka Kakuma alifika kibandani kwangu hapa Lodwar na pikapu, shemeji yake akiendesha. Ni Wakongo. Mume wake, mwalimu wa kwaya, alifia hospitali ya hapa, na mchana walikuwa wachukue mwili. Alileta amplifaya, spika mbili za kufunga juu ya gari, na simu yenye wimbo alioimba marehemu.

"Nataka aingie Kakuma anaimba," alisema. "Ni ile tu, papa fundi."

Nikatoa waya mnene kwenye betri, fyuzi nikaiweka hapo hapo karibu, nikaupitisha kwenye tundu la bati lililo mbele ya miguu ya dereva, nikaulaza chini ya kapeti mpaka kwenye amplifaya nyuma ya kiti. Tundu lilikuwa na makali, raba yake ya kukinga waya ilishatoka, na mimi sikuwa na nyingine. Shemeji akavua kiatu chake, ndara ya akala iliyokatwa kwenye tairi.

"Kata hii. Nitaendesha na mguu mutupu."

Nikakata kipande, nikakitoboa, nikauvisha waya. Kisu kiligoma mahali. Nikadhani ni changarawe.

Wimbo ukatoka, sauti nzito. Mjane akashika mlango wa gari. Nilipofunga boneti, kimya. Fyuzi imeungua.

"Ni amplifaya yenu," nikasema. "Hizi za sokoni."

"Hapana, iko muzima," alisema shemeji. "Jana iliimba kwa nyumba."

Fyuzi ya pili nayo ikaungua. Ikabaki moja. Shemeji akatoa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akataka niifunge badala ya fyuzi. Nilikataa, waya ungewaka njiani na jeneza liko nyuma. Lakini nisimwonee, kwa sababu ni yeye pia aliyesema: "Basi toa waya kwa mashini, tuone nani mwongo."

Nikautoa, nikaweka balbu ndogo mahali pa fyuzi. Ikawaka, na amplifaya haijaungwa: umeme ulikuwa unavuja kwenye waya wangu.

"Nani mwongo?"

"Mimi."

Ndani ya ile akala mlikuwa na nyuzi za chuma, za tairi la lori. Moja ilichoma ganda la waya ikagusa bati. Kiatu chake, ndiyo, lakini kisu kilikuwa changu.

"Tutawahi?" mjane akauliza.

"Sijui, mama."

Nikaingia nyumbani nikakata mpira tunaovutia maji kutoka kwenye pipa. Mke wangu akauliza tutachota na nini, sikumjibu vizuri. Nikafunga waya kwa tepu, nikauvisha mpira, nikaweka fyuzi ya mwisho. Nikafunga boneti, nikaifungua, nikaifunga tena. Wimbo haukukatika.

Mjane hakushukuru, na sioni kwa nini angeshukuru. Alimwambia shemeji azime, wimbo usichoke kabla mwenyewe hajafika. Akatuachia bakuli la sombe, majani ya muhogo waliyopikia safari. Alisema leo hawezi kula.

Jioni shemeji alipiga simu. "Sikia," akasema. Nikasikia upepo, watu, na ule wimbo. Halafu akauliza kama akala yake nyingine, ile nzima, aliisahau kwangu.

Tulikula sombe kwa ugali, kwa kuchelewa, maana maji yalichotwa kwa kikombe.