Jiwe Lililotwangwa na Philémon

"Tonton, jiwe ukiivunja, jina yake inabadilika?"

Georgette alikuwa bado mtoto mdogo alipomuuliza hivyo Philémon, kaka wa mama yake. Philémon alicheka tu. Mwaka ule wa 1954 alikuwa ametoka juzi kwenye machimbo ya dhahabu ya Shabunda, akapata kazi hapa Bukavu kwa Musieu Benoît, Mbelgiji aliyechunguza mawe ya volkano. Mke wake, Rosalie, alikuwa amejifungua. Kurudi Shabunda, Philémon hakutaka hata kusikia.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchekecha vipande vya mawe hayo, kila ukubwa na jina lake. Kilichopita kwenye chekeche la matundu madogo kiliitwa majivu, ingawa hakijawahi kuona jiko la mtu. Vipande vya ukubwa wa maharagwe viliitwa lapili. Vikubwa kama ngumi na zaidi, vyenye kona kali, ndizo bloku.

Siku moja likaletwa jiwe gumu kutoka barabara ya Goma, bloku nyingi zimeshikamana ndani ya majivu. Likagoma kupita popote. Philémon akaona halikutayarishwa vizuri. Akachukua kinu cha Rosalie, akalitwanga kama muhogo, akachekecha, akatwanga tena, mpaka likapita lote.

"Musieu, yote ni majivu," akasema kwa fahari.

Musieu Benoît akatazama unga ule, kisha kinu. "Philémon, jiwe yangu iko wapi?"

"Ni hii, Musieu. Ilikuwa inakataa, nikaisaidia."

Philémon alikwisha kujiona njiani, godoro kichwani, anarudi Shabunda. Ndipo Musieu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia sanduku. "Ingine iko mingi kule. Kesho tunapanda kamio, tunaileta. Lakini kinu ibaki nyumbani."

Philémon alishusha pumzi. Rosalie hakucheka. "Nikikuta muchanga ndani ya bugali," alimwambia, "Shabunda utaenda kwa miguu."

Mwaka 1959 Georgette, sasa mwanafunzi kwa masista, alimkuta tonton wake kazini bado, anapasua jiwe kwa nyundo. Akamuuliza tena swali lile lile. Safari hii Philémon aliweka nyundo chini.

"Haibadiliki. Jina inatoka kwa vipande vile mulima yenyewe ilivunja, siku ilitapika. Mimi nikitwanga, ni unga tu ya jiwe ile ile."