Picha ya Vipande Vitatu

Nilipeleka picha yetu ya Krismasi kwa fundi mmoja mjini, aikate vipande vitatu vya kutundika ukutani vikifuatana, kama nilivyoona kwa jirani hapa Uthiru. Fundi akachora mistari miwili kwa kompyuta, akaniuliza, "Shosho, huu mstari unapita katikati ya uso wa huyu mama. Niusogeze?"

"Ukiusogeza utafika wapi?"

"Utapita kwa bega la huyu jamaa."

Huyo jamaa ni mwanangu. Nikamwambia, "Wacha hapo hapo. Mwanangu asiguswe."

Na huyo mama ni mke wake. Ndiye aliyelala kwa kiti kando ya kitanda changu nilipolazwa hospitali kule Upper Hill.

Jumapili wakaja wote, na mtoto wao. Mjukuu wangu aliangalia ukuta akacheka. "Shosho, mbona mum ako na jicho moja huku na lingine kule?"

"Mama yako ni mnene," mkazamwana wangu akamjibu, "hangetosha kipande kimoja." Lakini aliisogelea picha, akaweka kidole kwenye lile pengo, pale pua yake ilipopaswa kuwa.

Mwanangu akakasirika. "Huyo fundi ni mjinga kabisa. Hana macho?"

"Mwache tu, baba watoto. Yeye ananijulia wapi?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mkazamwana wangu akanimiminia chai, mimi kwanza kabla ya bwanake, nikaipokea nikiangalia sakafu.