Fiti au Si Fiti

Shoto namjua vizuri. Jezi zake nilizifua mimi miaka yote kumi na mmoja aliyocheza winga katika timu yetu. Alifunga mabao arobaini na mawili, na kwa miaka mingi hakuna aliyemfikia. Goti lilipomstaafisha, akaenda kusomea mazoezi ya viungo, akarudi kwetu na filimbi shingoni na mdomo usiochoka. Wachezaji aliwakimbiza mpaka wakampa majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Kazi aliiweza, hilo simnyimi.

Kilichomshinda ni kijiba cha roho. Jezi yake, namba kumi na moja, alipewa kijana wa miaka ishirini na miwili, mpole, mwenye mbio. Kila kijana alipofunga, Shoto alikuwa wa mwisho kupiga makofi.

"Enzi zetu mabeki walikuwa wanaume," aliniambia.

Haya, bwana. Kijana naye akafikisha arobaini na mawili. Ilibaki mechi moja, kisha ahamie timu nyingine. Bao moja zaidi tu, na jina la Shoto lingeondoka kileleni mwa ubao wa wafungaji wetu ukumbini.

Kwetu, mchezaji aliyelalamika maumivu hupimwa na kocha wa viungo asubuhi ya mechi, naye hutamka neno lake: fiti, au si fiti. Kocha mkuu hapingi. Kijana alikuwa amelalamika kubanwa na msuli wa paja Jumanne, basi Shoto akapanga koni, akashika saa. Kijana akakimbia mara sita kama mtu aliyeitiwa chakula. Nilikuwa naanika soksi pembeni, niliona kila kitu.

Shoto akaikodolea macho ile saa.

"Si fiti."

"Kocha, mbona sisikii kitu?"

"Utasikia baadaye. Msuli umevutika."

Nilimtazama, akakwepa macho. Wivu ulikuwa umemjaa mpaka kooni. Lakini mfua jezi nani atamsikiliza? Nikaendelea kuanika soksi, na mpaka leo najilaumu.

Wenzake walipotoka kupasha misuli, kijana alibaki kwenye chumba cha matibabu, nilikokuwa nakunja taulo, amenyoosha mguu kitandani. Shoto akamfunga barafu kwenye paja lisilo na kasoro yoyote.

"Asante, kocha," kijana akasema. "Mwingine angeniacha nicheze tu, nikaumia." Akaligusa paja, akakunja uso. "Na kweli bwana. Sasa linauma."