Jambazi Mwenye Jina la Baba Yangu

Nakumbuka vizuri mchana ule wa siku ya soko pale Bwera, mwanangu, na hata leo nikiusimulia najikuta nimesimama bila kujua nimenyanyuka saa ngapi. Wewe keti, na usinicheke. Mnajua nyote kwamba mimi ni bibi mpenda filamu za ngumi. Wenzangu wa rika langu wakitoka kanisani wanatafuta mahali pa kunyoosha miguu, mimi natafuta rimoti. Mtu akiruka kutoka ghorofani na kuangukia juu ya lori linalokimbia, napiga kelele mpaka majirani zangu hapa Rukoki wanauliza kama nimevamiwa. Sasa siku hizi nawasikia wazazi wakisema kwamba filamu za vita na michezo ya risasi ya kwenye simu ndiyo inayowafanya vijana kuwa wakatili, ipigwe marufuku. Wengine wanawajibu kwamba ni maigizo tu, hayana neno. Nawasikiliza wote, halafu namkumbuka baba.

Baba yangu aliitwa Wafula. Alitoka Kenya akiwa kijana, akaja hapa Kasese, Uganda, kutafuta kazi ya mgodini, na kazi ya mgodi ilipokwisha hakurudi kwao. Alituhamishia Bwera, akafungua karakana ya kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Alikuwa mpole kupita kiasi. Kuku akimzubaia njiani, yeye ndiye aliyempisha. Tatizo lake lilikuwa moja: alikuwa na miwani myeusi ya kazi ambayo alisahau kuivua. Alikula nayo, alisalimia wakwe nayo, na kuna Jumapili aliingia nayo kanisani akalalamika kwamba siku hizi kanisa letu lina giza.

Ukuta wa karakana yake ulipakana na kibanda cha video. Ninyi hamkukijua kibanda, maskini! Mabati juu, mabenchi chini, televisheni moja mbele, na jenereta nje inayonguruma. Filamu zilikuja zikisema Kiingereza au Kichina, kwa hiyo mwenye kibanda, kijana mmoja aliyeitwa Thembo, alikaa pembeni na maikrofoni akizitafsiri kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kile cha kusema 'njo' badala ya 'ndiyo' na 'batu' badala ya 'watu', maana siku za soko hata Wakongo walivuka daraja kuja kutazama. Nasema kutafsiri, lakini Thembo hakujua Kichina hata neno la maji. Alitunga! Shujaa alimfanya kijana wa Maliba hapa kwetu, mkuu wa polisi alimfanya shemeji yake, na watu walikuwa radhi kukaa wamebanana kwenye joto lile ili wamsikie yeye kuliko hao waigizaji.

Basi ikaja filamu ya jambazi mmoja aliyeiba dhahabu ya kijiji kizima. Mtu katili, anachoma nyumba, anapiga wazee, na muda wote amevaa miwani myeusi. Thembo alipomwona tu, akapaza sauti kwenye maikrofoni: "Wafula njo huyu anaingia!"

Kibanda kizima kilivunjika mbavu. Nilikuwa humo, nikacheka mpaka machozi. Baba aliposimuliwa alicheka pia, akauliza kama huyo mwenzake anajua kuchomelea.

Lakini filamu ilipendwa mno, na Thembo akawa anairudia kila siku ya soko. Watoto wakaanza kumfuata baba njiani wakiimba, "Wafula, lete dhahabu!" Baadaye mama zao wakaacha kuwakataza. Kisha mbuzi wa mtu akapotea, na mtu mzima akasimama mlangoni mwa karakana akamuuliza baba, bila kucheka hata kidogo, mbuzi yuko wapi. Unaona jambo lilivyokuwa linasogea? Hakuna aliyewahi kumwona baba akiiba hata msumari. Walikuwa wamemwona akiiba dhahabu, na wamemwona mara nyingi.

Siku moja ya soko filamu ilipokwisha, vijana walitoka na moto wao, wakiliimba jina la baba, wakakuta karakana iko wazi. Jiwe likaruka. Kama si ile miwani, baba angepoteza jicho. Lilipasua kioo, likamchana juu ya nyusi, damu ikamwagika shati zima.

"Nekesa, funga vitu," aliniambia nilipokuwa namfunga kitambaa. "Tunarudi Kenya. Mtu akianza kupigwa mawe na watoto aliowatengenezea milango, hapo si kwake tena."

Mwanangu, nililia sana. Hiyo Kenya sikuwahi hata kuiona. Mimi nilijua milima yetu hii, soko letu, marafiki zangu wa kwaya. Ningekwenda kuwa mgeni kwetu nisikokujua, kwa sababu ya mtu wa kwenye televisheni!

Mtaa ukagawanyika. Mchungaji alisema jiwe limerushwa na filamu, kibanda kifungwe leo leo. Vijana wakasema filamu ni filamu, jiwe limerushwa na mkono. Ubishi huo huo mnaobishana ninyi leo. Mwishowe kesi ikapelekwa kwa Mama Kabugho, mwenye kiwanja, maana kibanda na karakana vyote vilisimama juu ya ardhi yake. Alikuwa mwanamke mzee, mfupi, muuza maharage, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akisema uondoke, uliondoka.

"Hiyo filamu sijaona," akasema. "Sasa nitakata kesi ya kitu yenye sijaona? Thembo, washa jenereta. Batu bote baingie. Na Wafula akuye, akae nyuma yangu."

Tuliingia hivyo hivyo, baba na kitambaa chake kichwani, mchungaji na Biblia yake, vijana wakisukumana. Mama Kabugho alikaa benchi la mbele kabisa, akamnyooshea Thembo kidole.

"Sema yenye banasema mule. Jina ya mutu wa hapa sitaki kusikia."

Ee, mwanangu! Kaseti ikaanza. Farasi wakaja, risasi zikalia, nyumba ikashika moto, shujaa akatoka dirishani akiwa amembeba mtoto mgongoni! Mama Kabugho, ambaye hakuwahi kuona filamu maishani mwake, alinyanyuka kama amechomwa na mwiba. "Inama! Inama, mutoto! Beko nyuma ya gari! Weye, hauna macho?" Alivua ndala akamrushia jambazi, ikagonga mabati. Sisi sote tulikuwa juu, tunapiga kelele, tunashikana mabega na watu tusiowajua. Nikageuka nyuma nikamwona mchungaji, yule yule aliyetaka kibanda kifungwe, amesimama juu ya benchi na Biblia kwapani, anapigana na hewa.

Nikamtazama baba. Alikuwa anapiga makofi. Na hapo ndipo nilipotambua jambo lililonisisimua kuliko farasi wote wale: hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anamtazama. Jambazi mwenye miwani myeusi alikuwa anaua watu ovyo mbele yetu, na hakuna kichwa kilichogeuka kumtafuta Wafula.

Mama Kabugho akainua mkono, Thembo akasimamisha kaseti. Tulikuwa tunahema, jasho linatutiririka, tunacheka.

"Nani sasa anataka kupiga mwenzake?" akauliza.

Tukaangaliana, tukatikisa vichwa.

"Hata mimi sitaki. Moyo inakimbia tu, na ninasikia njaa. Haya, Thembo, endelea. Lakini sasa ule mubaya umuite Bwambale."

Hapa nikueleze wewe uliyekulia mjini. Wakonzo wa huku milimani humpa mtoto jina kwa zamu aliyozaliwa, na mtoto wa kiume wa pili ni Bwambale. Kwa hiyo kila benchi lilikuwa na Bwambale wake. Na yule kijana ambaye sote tulijua ndiye aliyerusha jiwe, ingawa hakuna aliyethubutu kumtaja, naye alikuwa Bwambale.

Thembo akasitasita. "Mama, batacheka."

"Bacheke."

Kaseti ikaendelea. "Bwambale anarudi na bunduki!" Thembo akasema kwa sauti ndogo. Watu wakacheka, vichwa vikageuka huku na huku. Thembo naye, kazi ikamnogea. "Bwambale anachoma nyumba ya mujane! Bwambale hana huruma!" Mtu mmoja akampiga Bwambale aliyekuwa mbele yake kofi la kisogoni, la utani. Mwingine akapaza sauti, "Bwambale, rudisha dhahabu!" Bwambale wa karibu na mlango alipotaka kutoka, wakamshika shati wakamrudisha. Kicheko kile kilikuwa kinabadilika, mwanangu, nilikisikia kikibadilika. Jambazi alipomzaba kofi mwanamke mzee kwenye filamu, mwanamume mmoja alimkamata kola kijana aliyeketi kando yake, kwa hasira ya kweli, mishipa imemtoka shingoni. Aliyekamatwa alikuwa yule mrusha jiwe.

"Muniache!" akapiga kelele, sauti imempasuka. "Mimi sijaiba kitu! Mimi siko ule mutu!"

Thembo akasimamisha kaseti. Ikabaki jenereta tu.

Mama Kabugho akageuka polepole. "Wafula pia alisema vile. Nani alimusikia?"

Yule aliyemkamata kijana akaiachia kola.

"Pasta," akasema, "ulipanda juu ya benchi. Ulipiga nani?" Mchungaji akatabasamu kwa aibu. Halafu Mama Kabugho akamgeukia Thembo, na safari hii hakupaza sauti. "Bunduki ya mule ilibaki mule. Jina njo ilitoka inje, ikakuta mutu kwa kazi yake. Na jina ni weye uliipeleka. Mule haikukuwa."

Thembo aliiweka chini maikrofoni.

Sote tukamgeukia baba. Yule Bwambale mrusha jiwe alikuwa amekuja kusimama mbele yake. Baba akavua ile miwani yenye kioo kimoja. Wengi humo ndani hawakuwahi kuyaona macho yake, na jicho moja lilikuwa limevimba vibaya. Akamtazama kijana yule.

"Kaa chini," akamwambia. "Tumalize. Na mimi nataka kuona huyo jambazi akifa."

Lo! Kibanda kililipuka! Nilikumbatiwa na watu sijui wangapi. Jambazi alikufa mwishoni, alianguka kwenye maporomoko ya maji, na mtu wa kwanza kusimama kushangilia alikuwa Wafula, fundi wa Bwera. Tulikwenda nyumbani tukavifungua vitu tulivyovifunga. Sitakwambia kwamba watoto waliacha siku ile ile kumfuata na wimbo wao, watoto ni watoto. Ila waliacha. Baba alichomelea milango Bwera hadi uzeeni, na ndiko alikozikwa, na waliobeba jeneza lake walikuwa watu wa mtaa ule.

Sasa, mwanangu, ukiniuliza kama filamu na michezo ya risasi inazaa ukatili, sitakudanganya kwamba haifanyi kitu. Inafanya. Moyo wangu unakimbia, sauti inanikauka, na mtoto mdogo asiyejua bado kipi ni kweli usimketishe mbele ya damu, mpe katuni akalale. Wasomi wanabishana bado na mimi siwezi kuwamalizia ubishi wao. Ninachokijua nilikiona kwa macho. Kelele zile hazikumrushia mtu jiwe mpaka alipotokea wa kuwaambia watu kwamba adui mnayemwona pale ndiye huyu jirani yenu hapa.

Ndiyo maana nimekuita. Juzi ulipokuwa unaoga simu yako ililia, nikaichukua nikidhani ni mama yako. Nikaona ule mchezo wenu wa bunduki. Mchezo wenyewe mzuri, nilitamani kuujaribu. Lakini yule wa kupigwa risasi mmembandika sura ya yule mvulana wa Hamukungu, kule ziwani, mliyegombana naye kwenye mpira, na jina lake mmeliandika juu ya kichwa chake. Kundi lenu zima la WhatsApp linacheka. Na chini kabisa, mmoja wenu ameandika kwamba Jumamosi akija mjini na samaki za mama yake, mtamwonyesha. Huyo hakuweka alama ya kicheko. Nilikaa kitandani, nikaona damu kwenye shati la baba.

Ifute picha hiyo leo, mbele yangu. Uwaandikie wenzako kwamba umeifuta na kwa nini, hata wakikuita mwoga. Na Jumamosi nenda wewe mwenyewe ukamsaidie kushusha samaki, mkae, mmalize maneno yenu ya mpira. Popote utakapoambiwa kwamba adui ana sura ya mtu fulani, iwe ni kwenye simu au mkutanoni au hata kanisani, uliza kwanza nani amempa jina hilo.

Mungu akulinde, mwanangu, akuzidishie nguvu za mikono na akili ya kuizuia. Akupe majirani watakaokubeba siku yako ikifika, kama walivyombeba baba yangu. Cheza mchezo wako, na ukishinda niite nije nishangilie. Ila huyo unayempiga risasi, asiwe na jina la mtoto wa mtu.