Kanisa Zima Lilipokubali

Kuna watu hapa Likasi ambao mpaka leo wakinikuta sokoni wananiuliza, "Mama Debora, leo tunakubali nini?" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao huku uso unawaka, maana kosa ni langu na sina wa kumsingizia.

Madaktari walikuwa wanafanya utafiti juu ya wanawake wajawazito wa mtaa wetu, sisi tunaoishi na vumbi la migodi, wajue kama vumbi hilo linaingia mpaka kwenye damu ya mama. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kumweleza kila mama kwamba utafiti si matibabu, kwamba anaweza kukataa bila kunyimwa chochote hospitalini, kisha nimwulize kama anakubali. Mimi na uvivu wangu nikaona, ya nini kuzunguka mtaa mzima juani, na Jumapili akina mama wote wako kanisani? Nikamwomba pasta dakika chache za maikrofoni.

Lo! Katika kanisa letu mtu hapewi maikrofoni akabaki mtu wa kawaida. Nikasema, "Bamama, badocta banaomba damu kidogo," kanisa likajibu, "Damu ya Yesu!" Nikasema sindano itauma kidogo, "Ameni!" Nikasema damu hiyo haitaponya mtu, "Ameni!" tena kwa nguvu zaidi, mpiga kinanda akaanza kunifuata, nami (Mungu anisamehe) nikazidi kupandisha sauti. Nilipofika kwenye haki zao nikapaza, "Muko na haki ya kukataa!" Kanisa zima likasimama, mikono juu: "Tunakataa! Kwa jina la Yesu, tunakataa!" (Walikuwa wanamkataa shetani, si sindano.) Hapo hapo pasta akawaita wajawazito mbele, nao wakaja wote, mikono ya nguo wameshaikunja.

Nikajiona hodari. Kumbe kwenye benchi la nyuma alikuwa ameketi Madame Odile wa kamati ya maadili, ile inayowalinda watu wanaofanyiwa utafiti, ametoka Lubumbashi kuja kuona tunavyofanya kazi. Akaja mbele taratibu, akamsogelea jirani yangu Ngalula, akamwuliza mbele ya watu wote, "Mama, unakubali nini?"

"Minakubali Yesu," Ngalula akajibu, macho ameyafumba.

Watu wakaangua kicheko, hata pasta, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Madame Odile hakucheka.

"Na damu je, mama?"

"Bakitosha hii damu mubaya, mutoto hatakufa sawa bale bengine. Na dawa ya hôpital nitaacha, juu nitakuwa nimepona."

Kicheko kikakatika; alidhani kutolewa damu ndiyo tiba yenyewe. Watoto wawili walikuwa wamemfia Ngalula tumboni, na mara zote mbili nililia naye, na sasa alikuwa tayari kuacha dawa zake kwa ajili ya kelele zangu. Aibu ikaniisha, nikabaki na hofu tupu.

"Hapa hakuna hata mmoja aliyekubali," Madame Odile akaniambia kwa sauti ya chini. "Anza upya, mama. Kila mtu kwake."

Kesho yake nikakaa na Ngalula uani, akichambua matembele, nikamweleza polepole, bila kinanda. Akaacha kuchambua.

"Nikikataa, pasta hatanikasirikia? Docta hatanifukuza?"

"Hapana, mama. Dawa yako weye endelea kunywa. Hii ni kintu ingine."

"Basi minakataa," akasema, akaniangalia kama mtu anayengoja kugombezwa.

Nikamshukuru, na machozi yalikuwa karibu.

Maikrofoni sishiki tena, hata kwenye harusi. Siku hizi mama akiniitikia kabla sijamaliza kueleza, narudi mwanzo, na majirani wananiita msumbufu. Waniite tu. Ngalula alisema hapana, akaendelea na dawa zake za hospitali, na katika utafiti ule wote yeye ndiye wa kwanza niliyemweleza vizuri.