Nilivyompaka Mama Afya kwa Penseli

Mimi nilimtibu mama yangu kwa penseli. Alipona vizuri sana kwenye karatasi, huku mwili wake ukiisha mbele ya macho yangu.

Msinicheke kwanza. Someni mpaka mwisho.

Naitwa Ogeto, wa Sironga, karibu na Nyamira mjini. Miaka ishirini na saba, cheti cha umeme ndani ya bahasha, kazi hakuna. Mwezi wa pili mwaka huu nilichoka kukaa kama gunia, nikaanza kujifunza kuchora.

Mwalimu wangu ni Jeconia, Mjaluo mmoja anayeandika mabango ya maduka pale mjini. Hufundisha Jumapili asubuhi, na hiyo ilinifaa, maana sisi ni Wasabato na Jumamosi haina mchezo.

Michoro yangu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kila kitu rangi moja, kama uji.

"Unaogopa nyeusi," Jeconia akaniambia. "Na nyeupe pia unaogopa. Umekaa tu hapo katikati kama mtu amealikwa kwa wakwe."

Akanikatia kipande cha kadibodi. Alikuwa amekipaka visanduku saba kwa penseli, cha kwanza cheupe pe, cha saba cheusi tititi, na kila kimoja kina tundu. Unafumba jicho moja, unachungulia kitu kupitia tundu, unatafuta kisanduku kinachofanana nacho. Hiyo ndiyo namba yake.

"Shati nyeupe kwa kivuli inaweza kuwa nyeusi kushinda sufuria ya masizi yenye iko kwa jua," akasema.

Nikamwona mwongo. Nilipofika nyumbani nikapima shati langu la kanisani na sufuria ya mama. Jamaa alikuwa sahihi.

"Shida yako unachora kile unajua," aliniambia wiki iliyofuata. "Chora kile unaona."

Akanipa kazi ya nyumbani. Mtu mmoja, kiti kimoja, saa kumi ya kila Jumapili, wiki nane. Mtu awe yule yule na mwanga uwe ule ule, ili kinachobadilika kiwe mkono wangu peke yake.

Nilimwomba mama nikijua atakataa. Huyu ni mama ambaye kwenye harusi hujificha nyuma ya masufuria kamera ikipita.

"Nitakaa," akasema. "Wacha nifunge kitambaa."

Nilifurahi kama mjinga. Nilidhani anaunga mkono kipaji.

Sasa, sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani haya na heshima kati ya mzazi na mtoto aliyekua. Kijana aliyetahiriwa haingii chumbani kwa mama yake, wala hazungumzi naye mambo ya mwili. Kumkazia mama macho saa nzima kulinitoa jasho, nikajificha nyuma ya ile kadibodi. Niliacha kumwangalia mama, nikawa nasoma namba.

Mdomo wa chini, wiki ya kwanza: sita. Wiki ya pili, tano. Ya tatu, nne. Ya nne, tatu.

Na viganja je? Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai, kama vya kila mchumaji huku kwetu. Lakini akigeuza mkono, kiganja kilikuwa kinakaribia weupe wa karatasi.

Nilijua kosa ni langu. Mimi si ndiye mwanafunzi?

Kulikuwa na mengine niliyoyaona bila kuhitaji kadibodi. Mama alikuwa ameanza kutafuna odowa, yale mawe laini wanayouziwa wanawake sokoni. Akitoka kituo cha majani chai, kile kilima kidogo alikuwa anakipanda akipumzika mara tatu.

"Mama, hiyo odowa utamaliza mlima mzima," nikamtania.

Akacheka, huku ameshika kifua.

"Lakini uko sawa?"

"Ni uchovu wa majani tu."

Nikaachia hapo. Kuendelea kumchimba kungekuwa kukosa chinsoni.

Jeconia alipouona mchoro wa nne alikunja uso. "Ogeto, huyu mama midomo yake imeenda wapi? Umerudi tena kwa ile kuogopa nyeusi."

"Kadibodi ilisema tatu, mwalimu."

"Kadibodi ilisema, ama macho yako yalilegea? Weka giza hapo. Mtu ni mtu, si mzimu."

Kuanzia wiki ya tano nilifanya jambo ambalo hata leo likinijia nikila, chakula hakishuki. Niliketi mbele ya mama, nikamwangalia usoni, nikachora uso wa wiki ya kwanza. Mdomo, sita. Kiganja, kama zamani.

Jeconia akafurahi. "Sasa huyu ni mtu," akasema, na mchoro akaubandika ukutani kwa kibanda chake.

Ya sita hivyo hivyo. Ya saba, ya nane. Mama alizidi kunawiri kwa karatasi.

Jumapili iliyofuata ule wa nane, Jeconia akanitaka nilete yote. Akaipanga ukutani kwa mstari, akarudi nyuma hatua tano, akafinya macho. Mimi nilisimama pale nikingoja sifa.

Akaipitia kwa kidole, mmoja mmoja, tangu wa kwanza.

"Mtu anajifunza huwa anayumba," akasema polepole. "Leo anazidisha giza, kesho anapunguza. Wewe hapa kwa hizi nne hujayumba. Umeshuka ngazi moja moja. Halafu ya tano umeruka ukarudi juu. Hii ya tano ulichora nani?"

Nikamwambia ukweli.

Jeconia akakaa kwenye debe la rangi. "Basi hizi nne hazikuwa makosa. Hiyo ndiyo sura ya mama yako. Mimi nilikuwa nafundisha picha, nikasahau kuna mtu ndani. Toka hapa. Enda umwangalie."

Nilimkuta mama ameketi mlangoni. Sikusalimia. Nilifumba jicho moja, nikainua kadibodi mbele ya uso wake.

"Hiyo karatasi inasema nini?" akauliza.

"Mbili."

"Na ile siku ya kwanza?"

"Sita."

Akatazama majani yake ya chai kule chini.

"Niliona ukinipaka," akasema. "Kila Jumapili ukitoka naangalia hizo picha. Nikasema, hata Ogeto amekataa kuona."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningeambia nani? Wewe nilikuzaa na umetahiriwa. Mambo ya tumbo ya mama utasikiza na masikio gani?" Akavuta pumzi. "Wakati tulizika baba yenu, picha ilikuwa ile ya kitambulisho. Watu wakauliza huyu ni nani. Nikasema mimi siendi hivyo. Ndiyo maana nilikubali kukaa. Nilitaka mkiniweka hapo nje, watu waone ni mimi."

Ndugu zangu, wiki nane nilikuwa namchora mama picha ya jeneza lake, na nilidhani ni yeye ananisaidia kumaliza homework.

Nikampigia dada yangu mkubwa Sharon, aliyeolewa Magwagwa. Alifika na boda, akaingia na mama chumbani, akafunga mlango. Dakika kumi baadaye alitoka macho mekundu.

"Tafuta gari."

"Nini mbaya?"

"Si yako kujua. Tafuta gari."

Jirani yetu Mzee Angwenyi alitupeleka na Probox yake. Hospitalini walimpima kiwango cha damu, kikawa nne. Daktari akasema kinafaa kiwe kumi na mbili, akauliza huyu mama amekuwa akitembea vipi. Ulikuwa uvimbe kwenye tumbo la uzazi, ukimvujisha damu tangu mwaka jana. Waliongeza damu chupa nne, wakangoja apate nguvu, wakautoa.

Mama yuko hai. Asante Mungu, na sisemi hivyo kwa mazoea.

Lakini moyo wake ulikuwa umesukuma maji muda mrefu ukidhani ni damu. Ulipanuka, na haurudi. Daktari alimwambia Sharon, mimi nikisikia kutoka kwenye korido, kwamba angeletwa mwezi mmoja mapema moyo ungepona.

Mwezi mmoja. Kuanzia wiki ya tano hadi ya nane. Hesabu hiyo hakuna mtu amewahi kunifanyia, najifanyia mwenyewe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walimsahau yule anayemsaidia kuficha.

Ukiona mtu wako amebadilika, usimrudishe alivyokuwa jana ili roho yako itulie. Amini macho yako hata kama aliyekuzidi ujuzi anakubishia. Na kama kuna haya kati yenu, heshimu haya hiyo, lakini siku hiyo hiyo mpigie simu yule anayeweza kuingia chumbani na kufunga mlango.

Mama hachumi tena chai. Anaketi mlangoni akitazama watu wengine wakichuma yake, na akitaka kufika kwenye geti, mimi ndiye namshika mkono.